Kifo cha Tizón na Maneno Niliyokusemea

Cañada Brava,
Cerro Largo,
Uruguay.

Jumapili, 14 Aprili 1991

Mpendwa mdogo wangu Heber,

Pokea salamu za nyumba nzima. U hali gani huko Uswidi? Kifua kimepona? Mama anauliza kama ile fulana ya sufu ilifika na kama unaivaa, maana anakujua, utaifungia sandukuni ukisema inawasha. Ivae, tafadhali. Sisi huku kwa mwili hatujambo. Mama mguu unamsumbua baridi ikianza, lakini anapika na anafoka, kwa hiyo ni mzima. Mimi na wanangu wazima. Nadia ameng'oka meno ya mbele na siku hizi anacheka kwa kujiziba mdomo kama bibi harusi.

Baba ndiye sijui niandike nini. Homa hana.

Nimeanza barua hii mara kadhaa wiki hii, na kila mara najikuta nimejaza ukurasa kwa habari za mvua na za harusi ya binti wa mwoka mikate. Leo nalisema mapema kabla sijainuka tena mezani. Tizón amekufa, Heber. Farasi wako amekufa. Alishinda mbio ndefu za hapa kwetu Jumapili iliyopita, na Jumatatu asubuhi akafa kwa msokoto wa tumbo. Kama umesimama, kaa kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Pole, ndugu yangu. Pole sana. Najua ulimnyonyesha kwa chupa mama yake alipokufa, na najua siku unaondoka ulimuaga yeye kabla ya kutuaga sisi, jambo ambalo Mama hajalisahau mpaka leo. Ningependa kuwa karibu nawe unaposoma haya. Wewe uko huko peke yako na barua, na mimi niko hapa naangalia dirishani kila baada ya mstari.

Nimeinuka tena, samahani. Kutoka jikoni naliona banda lote. Baba amekaa kwenye kiti mlangoni, amenipa mgongo. Nyuma yake yuko Chispa, yule jike mwekundu, dada yake Tizón kwa baba. Amefungwa kamba fupi, kichwa juu, hawezi hata kuinama. Hilo la Chispa ndilo linalonikosesha raha kuliko yote, na nitalifikia, lakini halitaeleweka mpaka nikueleze la Tizón.

Nianze na ushindi, maana ule ni wako na hakuna wa kukunyang'anya. Binamu yetu Yamandú ndiye aliyempanda. Walitoka darajani kukiwa na ukungu, na kulipopambazuka vizuri jua likawaka utafikiri ni Januari. Joto la namna ile mwezi wa Aprili sijaliona. Sisi tulikuwa nyuma yao kwenye lori la Baba, pamoja na msururu wa magari ya mji mzima, honi zinalia, watu wananing'inia madirishani na ndoo za maji za kuwamwagia farasi. Vijana wa Paso Hondo wakatukaribia kwa farasi wao na uchokozi wao. "Huyo mweusi wenu mrudisheni akavute mkokoteni wa maziwa!" Yamandú akawajibu bila hata kugeuka, "Nyie tangulieni, mkachemshe maji ya chai ya yerba, tukifika tunywe!"

Kwenye mapumziko ya katikati madaktari walimsikiliza moyo wakamruhusu aendelee. Kuna waliozuiwa pale, na mmoja wao, mtu mzima na masharubu yake, alilia hadharani. Kwenye kilima cha mwisho, pale penye kanisa dogo, Tizón alikuwa wa tatu. Akawapita wote wawili na Yamandú hakumgusa hata kwa fimbo. Mama, ambaye siku zote husema mbio hizi ni ukichaa wa wanaume, alikuwa amesimama juu ya lori anapunga aproni yake na kuwapigia kelele watu wa Paso Hondo, "Maziwa yamefika! Maziwa yamefika!"

Halafu yakawa mambo ya mchangani. Unayajua. Mshindi akishavuliwa tandiko na kumwagiwa maji, harudi kwao mpaka agaagae kwenye ule mchanga wa nyuma ya klabu, na watu wakihesabu. Akipinduka kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, tunahesabu moja. Farasi wengi baada ya njia ndefu vile hupinduka mara moja, tena kwa shida. Akizidisha, tunasema huyo ana nguvu za kurudia mbio nzima. Sijui kama miji mingine wanafanya hivyo. Sisi tumezaliwa tukaukuta mchezo huo, na hakuna aliyewahi kujiuliza farasi mwenyewe anasema nini pale chini.

Daktari Ivonne, yule binti wa mwenye duka la dawa ambaye siku hizi ndiye daktari wa mifugo hapa, alikuwa ameshaweka sikio tumboni mwa Tizón, upande huu na upande ule. Akamwambia Baba, "Mzee Deolindo, tumbo limenyamaza. Silipendi. Mtembeze taratibu, mpe maji kidogo kidogo, nafaka asiguse, na msimwache mpaka anye." Baba akamjibu, "Nimekusikia, mwanangu. Ngoja wamwone kidogo tu." Watu walikuwa wameshaanza kuita, mlete, mlete mweusi!

Tizón alifika mchangani, akakwangua kwa kwato, akakunja magoti, akalala. Moja! Mbili! Baba akavua kofia akaipunga. Tatu! Mwenye kodiani akaanza kupiga. Nne, Heber, na hata wazee hawajawahi kuona nne. Akainuka, akageuza kichwa kuutazama ubavu wake, akajitupa chini tena, na sisi tukazidi kupiga makofi. Mimi nilikuwa juu ya benchi na Nadia mabegani, nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Baba alikuwa analia kwa furaha. Alikuwa anawashika watu mikono na kuwaambia, "Huyu ni wa Heber! Huyu ni wa mwanangu Heber!"

Ivonne akapasua kundi kwa viwiko. "Nyamazeni! Anaumwa! Hamwoni anaumwa?" Jamaa mmoja aliyekwisha kunywa akamwambia, "Daktari nawe, mwache mtoto wa watu afurahi!" Watu wakacheka. Ndipo Tizón akaguna. Sijui nikueleze vipi sauti ile. Kodiani ikanyamaza na watu wakaanza kushuka kwenye mabenchi.

Yaliyofuata sitayaandika yote. Zilipigwa sindano, ukapitishwa mpira puani mpaka tumboni, tukapokezana kumtembeza. Ivonne alitueleza kwamba farasi hawezi kutapika. Kinachoingia lazima kipite chote kwenye utumbo ule mrefu, na utumbo ukisimama hujaa hewa, na ukijaa hewa huweza kujisokota. Ukishajisokota dawa haifui dafu, ni kupasua tu, na wa kupasua wako Montevideo. Tulimpakia kwenye lori. Hatukufika mbali, akaanguka humo ndani, tukarudi naye. Alifia langoni jua likichomoza, kichwa chake mapajani mwa Baba. Tumemzika kule juu kwenye mikalitusi, na Yamandú hakukubali mtu mwingine ashike sepetu.

Baba alimuuliza Ivonne swali moja tu. Kama angemtembeza palepale badala ya kumpeleka mchangani, angepona? Ivonne hajui kudanganya, ni kasoro aliyozaliwa nayo. Akasema, "Labda, mzee. Utumbo ulianza kusimama huko njiani, kwa joto na jasho. Labda angepona. Labda asingepona." Baba akaichukua ile labda ya kwanza, ya pili akaiacha palepale.

Sasa Chispa. Jumatatu ileile Baba alimwingiza bandani, akamfunga kamba fupi juu kwenye boriti, akavuta kiti. Hatoki hapo. Anasema kwake hakuna farasi atakayelala chini tena. Majani anampa konzi moja moja, maji kikombe kikombe, na Chispa akipiga kwato sakafuni tu, Baba anaruka kama kapigwa umeme. Siku za mwanzo tulimwacha. Tulisema ni uchungu, utapungua.

Haukupungua. Ivonne alikuja katikati ya wiki, akaangalia, akashika kiuno. "Mzee, farasi kaumbwa atembee na ale kutwa nzima. Ukimsimamisha hivi na vikonzi vya majani, tumbo linalala. Unamtengenezea ugonjwa uleule." Baba akasema, "Hatalala chini." Ivonne akasema, "Basi atakufa amesimama." Baba alimfukuza, Heber. Baba yetu, ambaye hujawahi kumsikia akimpandishia sauti mwanamke, alimwonyesha lango. Yamandú alipojaribu kufungua kamba, alinyanyuliwa mjeledi, mtu mzima yule. Mama naye akamwambia kwa upole, "Deolindo, mfungue mnyama," na yeye akamgeuzia mgongo. Tangu hapo chakula anampelekea hukohuko bandani na anakirudisha vilevile.

Leo tangu asubuhi Chispa hajala kitu. Mavi aliyotoa jana yalikuwa machache, magumu, makavu. Mara mbili nimemwona akigeuza kichwa kutazama ubavu, kadiri kamba inavyomruhusu. Nimemtuma jirani amfuate Ivonne, kumbe yuko shamba la mbali ng'ombe wa watu amekwama kuzaa. Kwa hiyo nimekaa hapa na kalamu, nainuka, nakaa.

Kuna jingine. Ijumaa nilikwenda posta kukupigia simu. Alipokea mwanamke mwenye sauti nzuri. Nikasema Heber, Heber, Heber. Akaeleza jambo refu kwa lugha yake, nikamwambia asante, nikakata. Natumaini ni mama mwenye nyumba. Kama ni mwingine, niandikie mimi kwanza, Mama tutamwandaa.

Niliporudi Baba alisimama kutoka kwenye kiti. Alijua nilikokwenda. Hakuuliza, na mimi sikusema kwamba sikukupata. Tangu siku ile nikiingia bandani ananitazama mdomo. Najua anachongoja. Wewe ulipoondoka ulimwambia, "Baba, nakuachia huyu," na wiki nzima sasa ndilo neno analolinong'ona pale kitini. Anangoja nimwambie ulisema nini. Na anaogopa kuuliza kuliko anavyoogopa kitu chochote duniani.

Nilianza barua hii nikitaka kukuomba umwandikie. Mwambie amfungue Chispa, atakusikiliza wewe, sisi hatusikilizi. Ndivyo nilivyopanga. Lakini nikifikiria, barua ikufikie, ulie, ujibu, na jibu lirudi huku, ni wiki juu ya wiki. Chispa hana wiki. Sijui hata kama jioni ya leo anayo. Sasa hivi amekunja mguu wa nyuma na kujipiga tumboni. Ngoja. Naweka kalamu.

Nimerudi. Usishangae mwandiko, mikono imechoka kwa ndoo na ina harufu ya farasi.

Nilichukua kisu cha nyama. Nilikuwa tayari kwa ugomvi, nilikuwa nimeshapanga maneno makali ya kumwambia, hata mengine ya zamani yasiyohusu farasi. Baba akaniona na kisu akasema bila kuinuka, "Zulma, rudi jikoni." Nikafungua mdomo, na kilichotoka sicho nilichopanga.

"Nilizungumza na Heber," nikasema.

Akainuka. Akashika mwimo wa mlango.

"Anasema umfungue Chispa."

Aliitazama ile kamba. Kisha akauliza, taratibu sana, "Na Tizón je?"

Hapo ndipo ningesema sijui, au ningesema atakuandikia. Sikusema hivyo. Nilisema, "Anasema Tizón kachukuliwa na maradhi. Anasema hata yeye angekuwepo angehesabu kwa sauti kuliko wote. Hakulaumu, Baba."

"Kasema hivyo?"

"Hivyohivyo."

"Kwa sauti gani?"

Sikulitegemea swali hilo. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayelia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata hesabu yake, akageuka kufungua kamba. Fundo lilikuwa limekaza tangu Jumatatu na vidole vyake vilikuwa havimsikilizi, ikabidi nimpe kisu.

Tulimtoa nje sote wawili. Mwanzoni Chispa hakutaka kutembea, akasimama tu, miguu imevimba. Baba akaanza kumsemesha, yale maneno yake ya kipuuzi anayowaambia farasi, mrembo wangu, mchoyo wangu, twende dukani ukachague kitambaa. Wakaenda. Waliuzunguka uwanja, mimi nyuma na ndoo. Walizunguka mpaka jua likapita juu ya paa la banda. Hatimaye akainua mkia, akanya, na Mama aliyekuwa kajificha dirishani akapiga kigelegele. Kwa mavi ya farasi, Heber! Mama yetu!

Kisha Chispa akakunja magoti. Baba alinishika mkono, alama za vidole ninazo mpaka sasa. Akalala, akagaagaa, akapinduka, akainuka, akajikung'uta vumbi. Akainamisha kichwa akaanza kula majani. Sisi wote hakuna aliyetoa sauti.

Ivonne atapita akitoka shambani, na sitatulia mpaka aweke sikio lake pale tumboni. Ila Baba ameingia ndani, amekaa mezani kwa mara ya kwanza, amekula nyama na viazi na ameomba kuongezewa. Yamandú alipofika Baba akamwomba radhi kwa ule mjeledi, halafu akamwambia, "Heber kasema hata yeye angehesabu." Mama naye ameambiwa. Kesho klabu nzima itaambiwa.

Kwa hiyo mdogo wangu, umeshasema. La Chispa sina wasiwasi, najua ungelisema mwenyewe. La Tizón sijui. Pengine hapo ulipo unatulaani sote, Baba wa kwanza na mimi wa pili, na una haki, farasi alikuwa wako na sisi tulimpigia makofi akiwa anakufa. Nilaani mimi kwenye karatasi, kurasa utakazo, nitazisoma nyuma ya banda la kuku na hakuna atakayejua. Lakini barua hii ikikufikia, Baba atakuwa ameshaishi wiki kadhaa kwa maneno yako. Atakuwa ameyalalia na kuyaamkia. Ukishamaliza kulia piga simu klabuni Jumapili, yuko pale kila mara baada ya misa. Hatakuuliza kitu. Atataka tu kuisikia hiyo sauti. Ukiweza kuyasema, yaseme. Usipoweza, basi msalimie, umuulize hali ya Chispa.

Nisalimie Rosalía wa shangazi Elvia mkionana, mwambie mama yake amepata miwani mipya na sasa anaona uchafu wetu wote. Msalimie na huyo mwenye sauti nzuri wa kwenye simu. Huku wanakusalimu Mama, Nadia na kaka yake, Yamandú na mkewe, na Ivonne, ambaye aliniuliza juzi kama umeoa, sijui kwa nini. Mungu akuongoze kwenye hayo mabarafu, akupe kazi isiyokuchosha na watu wa kula nao.

Nilikuwa karibu kuifunga barua Baba akaingia na kibuyu chake cha yerba. Ameniona naandika, nimefunika ukurasa kwa kiwiko. Miwani hana, lakini sikutaka kubahatisha. Anasema nikusalimu sana. Anasema pia, "Mwambie nimemfungua, kama alivyosema." Amesimama hapa nyuma yangu, hanywi, anangoja kuhakikisha ninaliandika.

Nimeliandika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,

Zulma